Mahari ya Wifi na Pikapu ya Dizeli

Leo tunazungumzia gari, wala msitushangae.

Sisi ni watu watatu hapa Mtwara, ndugu wawili na wifi yetu. Tunashona nguo za mabibi harusi na kukodisha mahema, viti, mazulia na masufuria ya shughuli. Kazi hutupeleka Mikindani, Madimba, Msimbati, hata Kilambo kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji. Siku za kawaida tunahitaji gari la kupeleka watoto shule na kufuata vitambaa. Siku ya harusi tunahitaji gari la kuvuta tela. Tulitaka moja lifanye yote.

Dizeli tulikubaliana mapema. Injini yake huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na mchanga wa Msimbati unataka hivyo hasa. Ukiwa na mzigo, hailambi mafuta kama petroli.

Kabla ya kuuliza bei tulipima mzigo wetu kwenye mizani ya magunia. Viti 200 ni kilo 500. Mahema mawili na nguzo zake, kilo 300. Mazulia na masufuria, kilo 150. Tela tupu, kilo 400. Jumla kilo 1,350. Hapo tukajua swali la kumuuliza muuzaji. Pikapu mpya kama Hilux ya lita 2.8 au D-Max ya lita 3.0 huandikwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, pikapu nyingi mwisho wake ni kilo 750. Kwa hiyo tela letu lilihitaji breki hata tungenunua gari gani. Na mzigo upangwe vizuri: karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ikalie ndoano ya gari. Ukijaza nyuma, tela huyumba barabarani.

Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, ni ngamia wa mchanga, lakini bei yake ilitushinda. Pikapu za kisasa zina nguvu na zinaendeshwa kwa raha. Ila nozeli zake hazipendi dizeli chafu, na baadhi zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho kinataka safari ndefu ili kijisafishe kwa joto. Gari la kwenda sokoni na kurudi linaweza kukiziba.

Hapo likaja jambo zito kuliko injini. Akiba yetu haikutosha gari jipya. Tulipewa njia ya mkopo wa riba, wa haraka, na jamaa wengine walituambia kila mtu anakopa hivyo. Wifi akasema, "Mimi nina mahari yangu, nitaiweka. Riba siitaki mlangoni kwangu."

Tulikaa kimya. Mahari ni haki ya mwanamke. Si ya mumewe, si ya ukoo, na kwa hakika si ya mawifi zake. Je, biashara ikianguka? Je, tukikosana? Mume wake alisema neno moja tu: ni mali yake, aamue mwenyewe. Basi tukafanya kama Surat al-Baqara inavyofundisha kuhusu miamala: tukaandika. Kila mmoja ametoa kiasi gani, fungu lake ni lipi, na akitaka kutoka atalipwaje. Mashahidi wakatia saini. Wengine walisema ndugu hawaandikiani. Sisi tunasema kuandika ndiko kunakolinda undugu.

Tukanunua Hilux kuukuu ya dabo kabini, injini ya 5L, lita 3.0 isiyo na tabo. Fundi wa kwetu, si wa muuzaji, aliikagua kwanza: moshi, klachi, chesesi chini kama imeliwa na chumvi. Kibao na kitabu cha gari vilionyesha tela letu liko ndani ya kiwango chake. Haina haraka, milima inapanda taratibu, lakini mafundi wa Mtwara wanaijua kwa kufumba macho. Nguo za bibi harusi zinakaa kiti cha nyuma, hazipati vumbi wala mvua. Tukifika kwenye mchanga tunapunguza upepo wa tairi, na tukirudi lami tunajaza tena.

Enyi mabibi harusi, mahari yako ukitaka kuizungusha, izungushe. Bibi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara aliyepeleka bidhaa zake hadi Sham. Lakini jua unanunua nini, pima kwa mizani si kwa macho, na usione haya kuandikiana. Na mkishapanda chombo, msisahau dua ya safari.

Allah atubarikie riziki ya halali. Amin.