Waya Usiobeba Sauti

Wengi hudhani waya wa MIDI hubeba sauti. La hasha! Hubeba amri tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiliwa lini. Waya mmoja una njia 16, mwendo wake biti 31,250 kwa sekunde.

Mjomba ana studio ndogo nyuma ya duka. Jumamosi moja kwaya iliyolipia saa 2 ilikwama. Kinanda kikiguswa tu, mashine ya ngoma nayo du! du! Mwalimu wa kwaya akaanza kudai pesa zake.

Mjomba hakubabaika. Intafesi ilikuwa ikitoa kila kinachoingia kwenye matundu yote, na ile mashine ilisikiliza njia zote. Akaelekeza kinanda kwa kompyuta peke yake, ngoma akaziachia njia ya 10. Kisha akachuja zile amri ambazo kinanda humwaga mfululizo kidole kikizidi kukandamiza. Wimbo ule haukuzihitaji, zingejaza waya bure. Kuunganisha nyaya hata mtoto aweza, bwana. Kuchuja ndiko kazi!

Dakika 45 zilizobaki zilitosha nyimbo 2. Wa 3 haukuwahi, na mwalimu yule angali amenuna.