Liwali wa Pwani na Karatasi ya Bibi



Sisi tunaoandika haya ni dada watatu, wazaliwa wa Mombasa, ambao ndoa na riziki zimetuleta bara. Mmoja wetu yuko Thika na wawili tuko Ruiru. Mama yetu aliishi nasi Ruiru miaka yake ya mwisho, na huko ndiko alikofia, Mola amrehemu. Baada ya hitima tulifungua kasha lake, na chini ya leso zake tukakuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na kupigwa muhuri.

Tulijua kusoma Qur'ani, lakini hati ya mkono ilitushinda. Mtoto wetu wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa madrasa, ndiye aliyeketi nayo akaitamka neno kwa neno, na kumbe maneno yenyewe yalikuwa Kiswahili. Babu yetu alikuwa amempa bibi yetu hiba ya nyumba ya Majengo, kuta na paa bila ardhi, mbele ya mashahidi wawili na mbele ya Liwali. Mtoto alipolifikia neno hilo alisita, akatuuliza: "Liwali ni nani?"

Lilikuwa swali la haki. Watoto wetu wanakulia Kiambu. Shuleni hufundishwa habari za machifu na za walowezi waliolima kahawa na katani katika ardhi hii ya Thika na Ruiru, ila cheo cha Liwali hakikuwahi kutawala huku. Basi tulimweleza tulivyoelezwa na wazee wetu, pamoja na tuliyoyasoma baadaye.

Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, al-wali, yaani mtu aliyetawalishwa kwa niaba ya mwingine. Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, Mombasa ikawekewa mawali wa kutawala kwa jina la Imamu wa Oman. Katika karne ya 18 cheo hicho kilishikwa na ukoo wa Mazrui. Utawala wa Oman ulipohamia kwa Mabusaidi, Mazrui walikataa kuwatii, wakatawala Mombasa kwa jina lao wenyewe hadi Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837. Hapo uliwali ukarudi kuwa unaibu: Sultani yuko Unguja, Liwali yuko Mombasa.

Mwaka 1895, tarehe 14 Desemba, Sultani Hamid bin Thuwaini alitia saini mkataba wa kuwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, kwa malipo ya kila mwaka. Nchi ikabaki yake kwa jina, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome. Mwaka 1920 bara ikafanywa Koloni, na ukanda wetu ukabaki kuwa Himaya. Sisi tunaosafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Ruiru tunauvuka mpaka huo wa zamani bila kuuona.

Maliwali walibaki, na makadhi na mamudiri pia, lakini sasa mshahara wao ulitoka kwa serikali ya Kiingereza. Liwali alisikiza kesi, aliwasemea Waislamu mbele ya wakubwa, na aliyachukua maneno ya wakubwa hao akayaleta kwa watu. Seyyid Salim bin Khalfan Al-Busaidi alikuwa Liwali wa Malindi, kisha wa Mombasa. Mwanawe, Sir Ali bin Salim, akawa Liwali wa Pwani na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Katika miaka ya 1940 na 1950 cheo kilikuwa mikononi mwa Sir Mbarak Ali Hinawy, mtu wa elimu aliyekusanya tenzi na habari za kale, na ambaye mwaka 1950 alichapisha kitabu juu ya Al-Akida, yule aliyeasi ndani ya Ngome mwaka 1875. Baada yake alikuja Sheikh Salim Muhashamy.

Hatukumficha mtoto upande wa pili wa habari. Cheo hiki hakikuwakinga wote sawa. Baadhi ya maliwali walikuwa wenye mashamba makubwa, na mashamba hayo yalikuwa yamelimwa na watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria pwani mwaka 1907. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipokuja, wenye kujua njia za ofisi walipata hati, na Wamijikenda wengi wakabaki maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Katika miaka ya 1920 Waarabu walipopewa uwakilishi barazani, Thenashara Taifa, wenyeji wa mji, hawakuhesabiwa pamoja nao. Mwenye kuyasahau haya ataisifu enzi ile kwa sifa isiyostahiki.

Cheo kilikoma pamoja na enzi yenyewe. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua. Kenya iliahidi uhuru wa kuabudu, kulindwa kwa mahakama za kadhi, kutambuliwa kwa hati za ardhi zilizokuwapo, na kwamba kwenye sehemu za Waislamu watawala wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo. Siku tatu baadaye Sultani aliuachilia ukanda, na Desemba bendera ikateremshwa. Mwezi mmoja baada ya Kenya kupata uhuru, serikali ya Shamte iliyopewa ahadi zile ilipinduliwa. Liwali hakuwapo tena, wala Sultani wa kumshitakia. Kilichobaki ni kile kilichoandikwa ndani ya katiba: kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inampa kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake.

Tunarudi kwenye karatasi. Wajomba zetu, watoto wa babu kwa mke mwingine, siku zote walisema nyumba ya Majengo ni mali ya babu na igawanywe kwa wote. Hawakuwa wadhalimu; walisema walichokijua. Mjomba mkubwa alikuwa amekuja Ruiru kwa hitima, na tuliogopa kumwonyesha, tukidhani atasema ni ya kughushi. Aliishika muda mrefu. Kisha akasema: "Wanangu, huu ni mkono wa baba. Twendeni kwa kadhi."

Angeweza kukataa, na bila ridhaa yake kesi ingekwenda njia nyingine, ndefu zaidi. Kadhi aliuliza kama bibi alikabidhiwa nyumba wakati wa uhai wa babu. Mashahidi wakathibitisha kuwa ndiye aliyepokea kodi ya vyumba kwa mkono wake. Hiba ikasihi. Nyumba ikawa mirathi ya bibi: mafungu mawili kwa mjomba wetu wa tumbo moja na mama, fungu moja kwa mama, nasi tukarithi kwa mama. Mjomba mkubwa hakupata kitu, na ndiye aliyetusindikiza hadi kwenye gari.

Tangu hapo tumekuwa tukijiuliza ni nani aliyetuhifadhia haki yetu. Liwali aliweka muhuri, naye cheo chake kimekwisha. Aliyeihifadhi ni bibi, aliyetaka iandikwe, na mama, aliyeibeba hadi Ruiru bila kuiweka mikononi mwa yeyote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Enyi mama na dada zetu, hasa tulio mbali na pwani, tuulizane wiki hii: cheti cha ndoa kiko wapi? Mahari yameandikwa? Hiba tuliyoahidiwa kwa mdomo, nani aliishuhudia? Na watoto wetu, je, wataweza kuzisoma hati za babu zao? Wa kwetu sasa anafundishwa kila Jumamosi, kwa karatasi ileile.

Wabillahi tawfiq.