Tumshangilie Nani?

Mtu akiketi kutazama fainali kubwa ya tenisi, hata kama hawajui wachezaji wote wawili, hamalizi dakika kumi kabla ya kuchagua. Hakuna anayemlazimisha. Macho huanza kuegemea upande mmoja, na moyo huyafuata. Katika mpira wa miguu uchaguzi huo mara nyingi hatuufanyi sisi wenyewe, bali tunaukuta nyumbani. Hapa Lubumbashi mtoto huzaliwa katika nyumba ya Mazembe au katika nyumba ya Lupopo, na kabla hajajua kuandika jina lake anakwisha jua ni jirani yupi atakayetaniana naye siku timu hizo zinapokutana. Kwetu tenisi haina urithi wa namna hiyo. Viwanja vyake ni vichache, raketi ni ghali, na wachezaji tunaowaona katika televisheni hawatoki katika mitaa yetu. Kwa sababu hiyo tenisi hutuuliza jambo ambalo mpira wa miguu hautuulizi: ukiachwa huru, unampenda nani, na kwa nini?

Swali hilo lilitukuta Jumamosi ya tarehe 9 Julai 2022, siku ya fainali ya wanawake ya Wimbledon, jijini London. Tulikuwa vijana wapatao ishirini pamoja na wazazi wachache, tumetoka katika mazoezi ya kwaya, na saa tisa alasiri tuliketi mbele ya televisheni moja. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kutazama mchezo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Tulivutwa na jambo moja: katika fainali hiyo alikuwamo binti wa Afrika.

Jina lake ni Ons Jabeur, Mtunisia, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 27. Alikulia katika mji wa Sousse, na kwa kuwa klabu yake ya utotoni haikuwa na viwanja vyake yenyewe, alijifunza katika viwanja vya hoteli za jirani. Tangu mwaka 1968, wachezaji wa kulipwa walipofunguliwa milango ya mashindano makubwa, hapakuwa na mwanamke wa Afrika wala wa nchi za Kiarabu aliyefika fainali ya namna hiyo akicheza peke yake. Watu wa kwao wamempa jina la Waziri wa Furaha. Siku mbili kabla ya fainali alikuwa amemshinda rafiki yake Tatjana Maria, Mjerumani, mama wa watoto wawili. Mchezo ulipokwisha, Jabeur hakubaki kupokea makofi peke yake. Alimshika mwenzake mkono, akamrudisha katikati ya uwanja, akawaonyesha watu kwamba makofi ni yake pia.

Mpinzani wake katika fainali alikuwa Elena Rybakina, mwenye umri wa miaka 23, mrefu, mkimya, mwenye mkono mzito wa kuanzisha mpira. Alizaliwa Moscow. Mwaka 2018 Kazakistani ilimwahidi msaada wa fedha na wa mazoezi, naye akakubali kuchezea nchi hiyo. Uamuzi huo haukusumbua watu sana hadi mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, na waandaaji wa Wimbledon wakawakataza wachezaji wa Urusi na wa Belarusi kushiriki. Rybakina aliruhusiwa kwa sababu alikuwa na uraia wa Kazakistani. Kwa hiyo kila alipoendelea mbele, swali lilimfuata: huyu ni wa nani?

Tuligawanyika mara moja. Walio wengi walikuwa upande wa Jabeur, na sababu yao haikuhitaji maelezo: Afrika ni yetu. Walikumbusha mwaka 2010, Mazembe ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu, na jinsi jina la mji wetu lilivyotamkwa na watu wasiojua uko wapi. Wachache walimpenda Rybakina kwa sababu ya ukimya wake. Binti mmoja alisema, “Yeye hapigi kelele hata akipata pointi nzuri, mimi pia niko hivyo.” Kulikuwa na kundi la tatu, lililosubiri kuona nani atakayeongoza ili lijiunge naye. Hao tuliwacheka kidogo, lakini hata wao walitufundisha kitu: anayemshangilia mshindi tu hajamchagua mtu, amechagua ushindi. Kumchagua mchezaji ni kukubali mapema kwamba huenda jioni hiyo utahuzunika pamoja naye.

Jabeur alishinda seti ya kwanza kwa gemu 6 dhidi ya 3. Kelele zetu zilisikika barabarani. Katika seti ya pili Rybakina alianza kupata nguvu, akaichukua kwa 6 dhidi ya 2, na hapo ndipo kijana mmoja wa kwetu alipopaza sauti akielekea kwenye televisheni: “Huyu si wa Kazakistani, ni Mrusi! Arudi kwao!” Wengine walicheka. Ni maneno ya kawaida ya ushabiki. Katika uwanja wa mpira husemwa mabaya kuliko hayo.

Baba mmoja aliyekuwa ameketi nyuma hakucheka. Alingoja kelele zitulie, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, mimi nilizaliwa Likasi. Baba yangu pia alizaliwa Likasi. Mwaka 1992 tuliambiwa turudi kwetu Kasai, mahali ambapo sikuwa nimepaona hata siku moja. Tulilala kwenye kituo cha treni majuma mengi. Shangilia Mtunisia wako, nami ninamshangilia. Lakini neno hilo la arudi kwao, liache.”

Wapendwa vijana, wengi wenu mlizaliwa baada ya miaka ile, na habari zake hazisemwi sana nyumbani. Mwaka 1992 na mwaka 1993, katika mkoa wetu ambao wakati ule uliitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Walikuwa wamefanya kazi migodini na kwenye reli, wamefundisha shuleni, wameoa na kuolewa katika familia za majirani. Waliofukuzwa hawakuulizwa wamefanya nini. Waliulizwa wanatoka wapi. Hatusemi kwamba kelele za mashabiki na mambo yale ni kitu kimoja. Tunasema kwamba sentensi ni ileile, na mtu aliyewahi kuisikia ikisemwa juu yake huitambua popote, hata katika mchezo, hata ikielekezwa kwa mgeni aliye London.

Kijana yule hakujibu. Alisogea, akampisha baba nafasi mbele, karibu na televisheni, nasi tukaendelea kutazama.

Katika tenisi anayeanzisha mpira ndiye mwenye faida, na kumnyang'anya gemu yake ni kama kufunga bao ugenini. Katika seti ya tatu, Rybakina akiwa mbele kwa 3 dhidi ya 2, Jabeur alipata nafasi tatu mfululizo za kufanya hivyo. Tulisimama wote. Rybakina alizizima zote tatu, moja baada ya nyingine, uso wake ukiwa vilevile kama mwanzo. Baada ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Alimaliza kwa 6 dhidi ya 2, akawa mchezaji wa kwanza wa Kazakistani kushinda taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja.

Aliposhinda hakuruka wala hakuanguka chini. Alipumua, akatabasamu kidogo, akaenda kumpa mwenzake mkono. Baadaye, mbele ya waandishi wa habari, aliulizwa tena kuhusu Urusi, naye akaeleza kwamba hakuchagua mahali pa kuzaliwa, na kwamba Kazakistani ilimwamini na kumsaidia. Kisha mtu akamuuliza wazazi wake watasema nini watakapozungumza naye. Hapo yule mkimya alilia. Wazazi wake hawakuwa uwanjani. Msichana aliyejadiliwa kwa majuma mawili kama bendera alionekana kuwa mtoto wa watu, aliye mbali na nyumbani siku ya furaha yake kubwa.

Je, basi ni afadhali kutokumchagua mtu, kutazama kwa moyo baridi ili tusimkosee yeyote? Hatufikiri hivyo. Asiyechagua hutazama mipira ikienda na kurudi tu. Tulipompenda Jabeur tulijifunza mambo ambayo tusingeyajua: kwamba siku zile simu yake ilikuwa na picha ya sahani ya fedha anayopewa mshindi wa Wimbledon, kwamba mwaka uliofuata alirudi, akamshinda Rybakina huyohuyo katika robo fainali, akafika fainali tena, akashindwa tena, safari hii na Markéta Vondroušová wa Cheki, na akakiri huku akilia kwamba ndiyo maumivu makubwa kuliko yote ya maisha yake ya tenisi. Wale waliomchagua mwaka 2022 walikuwapo pia mwaka 2023. Huo ndio uaminifu, na hauwezi kujifunzwa na mtu asiyeegemea upande wowote.

Kumpenda mtu kwa kuwa ni wa kwetu si kosa. Mtoto humpenda mama yake kabla ya kuwapenda mama wa wengine, na hakuna anayemlaumu. Hatari huanza pale tunapohitaji kumfanya mwingine asiwe wa popote ili upendo wetu uonekane mkubwa. Jabeur mwenyewe alikuwa ametuonyesha njia siku mbili kabla ya fainali: alitaka kushinda kwa nguvu zake zote, akashinda, na bado mkono wake ulikuwa na nafasi ya kumshika Tatjana Maria.

Tunawapendekezea zoezi dogo kwa vikundi vyenu. Fainali kubwa ijayo, iwe ya tenisi au ya mpira wa miguu, kabla mchezo haujaanza kila mmoja ataje anayemshangilia na aseme sababu yake, kwa sharti moja: asimtaje mpinzani kwa ubaya. Mtaona kwamba wengine watasema mara moja, na wengine watatafuta maneno kwa muda mrefu. Msiwaharakishe. Kisha ongezeni swali la pili, kila mtu alijibu akitaka: katika mtaa wetu, katika darasa letu, katika kwaya yetu, ni nani ambaye bado tunamuuliza anatoka wapi, ingawa amekaa nasi tangu utoto?