Kuitwa Baba

Mzee aliacha kuniita baba mwaka ule nilioacha chuo.

Kwetu Murang'a, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba. Ndiyo maana tangu nikiwa mdogo mzee alikuwa ananiita baba, kwa heshima ya marehemu. "Baba, umekula?" "Baba, hebu lete jembe." Nilipomwambia sirudi chuoni, akaanza kuniita kwa jina la ubatizo, lile la kwenye kitambulisho. Si ni jina langu pia? Lakini liliniuma kuliko ugomvi wenyewe.

Siku hizi naishi kwa vibarua vya kuandika. Juzi nilipewa kazi ya kusahihisha maandishi ya chini ya filamu moja ya Kirusi. Humo mwanamume anamfokea jirani yake, na mtafsiri ameliacha neno vile vile: baba. Jirani mwenyewe ni mwanamke. Nikadhani mtafsiri alikuwa amelala. Kumbe kwa Kirusi baba ni mwanamke, hasa wa kijijini, na neno lina dharau ndani yake. Babushka, yaani nyanya, limetoka hapo hapo.

Basi kazi ikalala, nikaanza kuchimba. Kwa Kituruki, baba ni baba kama wetu. Kwa Kijapani, baba ni ajuza. Kwa Kipolandi ni mwanamke tena, na pia ni aina ya keki. Halafu nikafika Georgia, nikacheka peke yangu kwa keja: huko baba mzazi anaitwa mama. Mama naye anaitwa deda.

Ukiacha Kirusi na Kipolandi, ambazo ni ndugu, lugha hizi hazijuani. Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Moscow, alilieleza jambo hili karibu na 1960. Mtoto akifunga midomo kisha akaifungua, kinachotoka ni ma, ba au pa, sauti rahisi kuliko nyingi. Hajamwita mtu bado. Ni wazazi wanaosikia na kuruka: huyo ni mimi! Georgia baba aliruka kwa ma, sijui mama alikuwa wapi.

Jumapili nilimpigia mzee. Hatuna mengi ya kusema, kwa hiyo nikamwambia hayo ya Georgia. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Baba ndiye mama?"

"Ee."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Na wanakulipa kujua hayo?"

"Kidogo."

"Mm." Kisha akaniuliza kama nitakuja Desemba, mahindi hayana mtu wa kuyapukuchua. Nikasema nitakuja. Nilingoja aniite, kwa jina lolote lile, lakini alishakata simu. Kredo yake huwa haikai.