Barua kutoka Lowell: Mbele, nyuma au yote manne?

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na hesabu uliyoambatisha nimeiona. Unataka nikuongezee pesa uiache Probox ya kawaida ununue foowili, kwa kuwa njia ya kutoka Karurumo kushuka mtoni na kupanda ng'ambo inakushinda kila Novemba, na vijana wa bodaboda sasa wanakutoza ada ya kusukuma. Pesa tutazizungumza. Kwanza tuzungumze gari.

Huku Lowell, Massachusetts, ambako Wakenya ni wengi kiasi kwamba unga wa ugali hausumbui kupatikana, mjadala huu huanza theluji ya kwanza inapoanguka. Msimu wa baridi wa 2014 kuingia 2015, theluji iliyopimwa katika uwanja wa ndege wa Boston ilikaribia sentimita 281. Ndiyo maana watu wa pande hizi wanazipenda Subaru. Na kweli, taa ikiwaka kijani kwenye mteremko ulioganda, Subaru huondoka wenzake wakizungusha magurudumu palepale. Kasheshe ni taa nyekundu inayofuata. Gari liwe linavutwa na magurudumu ya mbele, linasukumwa na ya nyuma au linatumia yote, breki ziko kwenye magurudumu manne. Foowili haikuongezei hata moja. Asubuhi za barafu, magari ninayoyaona mtaroni mara nyingi ni yale makubwa. Yaliondoka nyumbani kwa urahisi, dereva akadhani yatasimama hivyohivyo.

Sasa kilima chako. Probox ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini imeyakalia juu, kwa hiyo ikiwa tupu hushika vizuri kwenye tope la tambarare. Ipakie magunia ya kahawa nyuma, uielekeze pua juu, na uzito unahamia mkiani. Magurudumu ya mbele yanabaki mepesi, yanachimba tu. Umewahi kuona madereva wakipanda kilima kinyumenyume? Hawana wazimu. Wameyaweka magurudumu yenye nguvu upande wa chini, uzito ulikolalia. Tena magurudumu hayohayo ndiyo yanayokata kona. Ukiingia konani kwa kasi kwenye utelezi, unazungusha usukani na gari linaendelea moja kwa moja kuelekea migomba ya watu. Hapo achia mafuta taratibu, uyape nafasi ya kushika. Kuzidisha usukani ni kuifuata migomba.

Pikapu ya zamani, kama Peugeot 504, ni kinyume chake: kadiri ulivyoipakia ndivyo ilivyozidi kushika, kwa sababu mzigo uliyakandamiza magurudumu yanayosukuma. Ikirudi tupu kutoka kiwandani, mkia ulitaka kutangulia. Waliozijua hawakukosa mfuko wa mchanga nyuma.

Wala usiwacheke waliosukumwa na magurudumu ya nyuma. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun za namna hiyo. Audi ilipoleta Quattro zake, bado Toyota Celica, yenye nguvu nyuma tu, ilishinda 1984, 1985 na 1986. Foowili ya kwanza kushinda Safari ilikuwa Audi 200 ya Hannu Mikkola, 1987. Baada ya hapo mambo yakageuka kabisa, kwa hiyo sisemi foowili haifai.

Nasema ina masharti. Ile ya Hilux unayoiingiza mwenyewe hufunga mbele na nyuma zizunguke sawa. Ukikata nayo kona kwenye lami kavu, giaboksi inaumia. Magari mengine huvuta mbele tu mpaka yahisi utelezi. Subaru hufanya kazi kwa yote muda wote, na hapo tairi moja likipasuka huwezi kupachika lolote la mtumba lenye meno tofauti; diffu itakudai. Probox ya foowili pia ipo, ukiitaka sana, ila hakikisha haijapita miaka 8 ndipo uiagize.

Mimi pesa yangu ningeiweka kwenye matairi. Huku tuna ya baridi, ambayo mpira wake haukakamai joto likishuka chini ya nyuzi 7. Gari la kuvutwa mbele lililovaa hayo husimama mapema kuliko foowili yenye matairi ya kiangazi. Kwa udongo mwekundu wa Embu tafuta meno mapana yaliyoachana, yanayotema tope. Meno madogo hujaa mara moja, na tairi jipya linakuwa kipara.

Kwa hiyo natuma za matairi manne, zilizobaki tutaona ukishauza macadamia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nipigie picha tarakimu hizo, tairi baada ya tairi, kabla hujamlipa mtu yeyote.

Mjomba wako