Mstari wa Pili Si Mwanafunzi

Wasee, leo ni ya wale mnaojifunza kuandika programu za kompyuta ya mezani. Najua mko. Kila mtu online anajifanya ni wa apu tu, lakini ingia ofisi ya karo, sacco ama duka la dawa uangalie skrini ya karani. Mara nyingi ni lile dirisha la kijivu: jedwali juu, fomu chini. Anabonyeza mstari, jina na salio vinajaa kwenye fomu, anabadilisha, anahifadhi. Imeisha.

Sasa, hiyo njia kutoka kwa mstari hadi kwa fomu ndiyo inafundishwa vibaya sana, na nimechoka kunyamaza.

Chukua Java, JTable ya Swing. Video nyingi zinakuonyesha hivi: `getSelectedRow()` inakupa nambari ya mstari, `getValueAt` inakupa kilichoandikwa hapo, `setText` inajaza visanduku vya fomu. Ukifika kuhifadhi, unachukua ile nambari, unaenda kwa ArrayList yako, unasema `get(row)`, unabadilisha. Inafanya kazi. Mwalimu anaangalia wanafunzi watatu wa mfano, anatoa alama, mnaenda kula chapo.

Halafu mtu anaongeza `setAutoCreateRowSorter(true)`. Kitu tamu, ilikuja na Java 6 mwaka 2006: ukibonyeza kichwa cha safu, jedwali linajipanga lenyewe. Lakini kinachopangwa ni kile unachoona tu. ArrayList iko vile ilikuwa. Kutoka hapo kila mstari una nambari mbili, ya kwenye skrini na ya kwenye data, na `getSelectedRow()` inakupa ya skrini.

Na ubaya wenyewe uko hapa: `getValueAt` ya JTable pia inafuata skrini. Kwa hivyo fomu inajaa sawasawa. Jina ni lile lile ulilobonyeza. Hakuna kitu cha kukushtua mpaka uhifadhi, ndipo `get(row)` inaenda kuchukua mtu mwingine kabisa.

Nimeiona na macho yangu. Kijana wa jirani yetu, kidato cha pili, alirudishwa nyumbani na karo imelipwa. Mamake alikuwa na meseji ya M-Pesa kwa simu, alienda shuleni mara mbili kuionyesha, na mara zote mbili skrini ilisema hajalipa hata shilingi. Karani akaanza kuangaliwa kama mwizi. Nilipoitwa niichungulie ile programu, nilimwomba karani anionyeshe vile yeye hufanya kazi. Akapanga jedwali kwa salio, kubwa juu, ili aone wenye deni kwanza. Nani hangefanya hivyo? Akabonyeza mstari wa pili, fomu ikaonyesha jina sahihi, akaweka malipo ya majaribio. Tulipofungua hifadhidata, pesa ilikuwa imekaa kwa mwanafunzi wa pili kwenye orodha ya alfabeti. Huyo naye wiki hizo zote alionekana amelipa kupita kiasi, na hakuna aliyelalamika, obviously.

Karani hakukosea popote. Alisoma jina, jina lilikuwa sawa.

Watu watakuambia dawa ni `convertRowIndexToModel(row)`, inabadilisha nambari ya skrini kuwa ya data. Ni kweli, itumie. Lakini mimi naona hiyo ni nusu ya kazi. Kati ya kubonyeza mstari na kuhifadhi, karani anaweza kupanga jedwali upya, ama kuchuja, ama data ijisasishe. Ukiuliza nambari ya mstari saa ya kuhifadhi, unauliza swali la mahali kumbe ulitaka jibu la mtu. Fomu inapojaa, ishike nambari ya usajili wa mwanafunzi. Ukihifadhi, hifadhi kwa hiyo: `UPDATE ... WHERE id = ?`. Jedwali lipinduke likitaka.

Watu wa Qt, msicheke. QDataWidgetMapper yenu inaunganisha safu na visanduku vizuri, lakini ikija yenyewe iko kwa AutoSubmit: karani akitoka tu kwenye kisanduku, kilichoandikwa kinaenda kwa modeli. Kwa fomu ya pesa? Weka ManualSubmit. Na kama jedwali linapitia QSortFilterProxyModel huku mapper imeshika modeli ya chini, pitisha indeksi kwa `mapToSource` kwanza, la sivyo ni hadithi ile ile ya kijana wa jirani.

Kabla umpelekee mtu programu yako, weka majina 30, panga kwa salio, chuja, hifadhi, kisha fungua hifadhidata yenyewe uangalie. Usiamini skrini. Ukimaliza, buruta safu ya simu uiweke mahali pa jina. JTable inaruhusu hiyo bila kuulizwa, na `getValueAt` inafuata safu vile zimekaa kwa skrini. Sasa bonyeza mstari wowote uone kisanduku cha jina kimejaa nini.