Kitabu cha Moria, Kipande cha Buhemba

Wasomaji wengi wa J.R.R. Tolkien ninaowafahamu wanaipenda Shire, ile nchi ya mahobiti yenye mashamba, bia na majirani wambea. Mimi ni mtu wa Moria. Nilisoma juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings nikiwa chuo, nakala iliyozunguka hosteli nzima mpaka jalada likang'oka, na sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ile ya wasafiri kupita chini ya mlima, ndani ya mji wa wachimbaji uliokufa. Nimekulia Musoma. Mtoto wa Mara atasomaje habari za mji wa mgodi uliokufa asifikirie kwao?

Kwa ambaye hajasoma, habari yenyewe ni hii. Moria ni mji uliochongwa ndani ya mlima na jamii ya watu wafupi, wenye ndevu na mikono ya ufundi. (Kiswahili bado hakijakubaliana na neno la kuwaita. "Mbilikimo" halifai, maana hao ni binadamu halisi, jirani zetu wa misitu ya Kongo, siyo viumbe wa hadithi.) Watu hawa walitajirika kwa mithril, madini mepesi, magumu, yenye thamani kuliko dhahabu. Wakaufuata mkanda wake chini, chini zaidi, mpaka wakaamsha Balrog, jitu la moto na giza lililokuwa limejificha huko. Mfalme akauawa, mwaka uliofuata mwanawe naye akauawa, waliobaki wakakimbia. Karne nyingi baadaye mzee mmoja aitwaye Balin akarudi na kundi la watu wake ili kuufufua mji. Walidumu miaka mitano tu. Wasafiri wetu wanakuta kaburi lake na, pembeni, kitabu kilichochanika chenye madoa ya damu, ambamo watu wa Balin waliandika mambo yao hadi siku ya mwisho.

Mji unainuka, unaanguka, watu wanarudi, unaanguka tena. Ukitaka kuona mpangilio huo bila Balrog, nenda Buhemba.

Buhemba ipo Wilaya ya Butiama, si mbali na kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere. Ukitokea Bunda kwa haisi unapita Kiabakari, ambako nako kulikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu. Ukitokea Musoma unafika Makutano, kisha unaingia njia ya Butiama. Enzi za Mwingereza hii ilikuwa sehemu inayojulikana. Mgodi ulivuta vijana waliokuwa wanatafuta hela ya kodi, hela ya mahari, au njia tu ya kutoka nyumbani. Palipo na mishahara panakuja maduka, pombe, makanisa, mpira, na watoto wanaozaliwa na kuitwa watu wa mgodini.

Nilikwenda huko kikazi, kuandika kuhusu wachimbaji wadogo, nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini miaka ya 1960, kama baba yake kabla yake. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Nikamuuliza mji ulikufaje. Nadhani kichwani nilikuwa na Moria. Nilitaka ajali, mafuriko ya chini kwa chini, laana, kitu chochote chenye kishindo.

"Mwanangu," akasema, "hatukufukuzwa na jini. Tuliambiwa tu kwamba kazi imeisha."

Sababu ya kazi kuisha haikuwa chini ya ardhi. Ilikuwa mbali sana na Mara. Tangu mwaka 1934 Marekani ilikuwa imeshikilia bei rasmi ya dhahabu kwenye dola 35 kwa wakia moja, na bei hiyo ikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mishahara ilipanda, mafuta yakapanda, baruti ikapanda, mashine zikapanda. Dhahabu ilibaki palepale. Mgodi wa namna hiyo unaweza kufa huku mwamba bado una mali. Kufikia mwaka 1970 migodi mikubwa ya zamani ya Kanda ya Ziwa, yaani Geita, Kiabakari na Buhemba, yote ilikuwa imefungwa. Agosti 1971 Rais Richard Nixon akaitenganisha dola na dhahabu. Januari 1980 wakia moja ilivuka dola 800. Watu wa Buhemba walikuwa wamesharudi zamani kwenye mihogo na mtama.

Hapa ndipo ninapogombana na Tolkien, pamoja na mapenzi yangu yote. Katika Moria kosa ni la wachimbaji: walichimba kwa pupa, wakakuta walichostahili. Ni hadithi tamu na inafundisha, lakini watu wafupi wa Moria walikuwa na kitu ambacho mchimbaji wa Buhemba hakuwahi kuwa nacho. Mgodi ulikuwa wao. Mfalme wao aliishi humo humo, na Balrog alipotoka alianza na mfalme. Huku kwetu aliyeshika sululu hakupanga kina cha shimo, hakupanga bei, wala hakupanga siku ya kufunga. Tamaa ilikuwepo, sawa, lakini haikuwa inakaa kwenye nyumba za wafanyakazi.

Na Balin wetu? Naye alikuja, na jina lake lilikuwa Meremeta.

Kampuni ya Meremeta iliandikishwa mwaka 1997, ikiwa ubia wa Serikali yetu na kampuni ya Triennex ya Afrika Kusini, na tangu mwanzo ilihusishwa na jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja na mashine za kisasa kuchimba upya Buhemba. Kwa watu wa pale ilikuwa kama ndoto ya wazee inatimia: taa tena, magari tena, ajira tena. Haikuchukua muda. Ndani ya miaka michache kampuni ilikuwa imekwisha, mali zake zikahamia kwenye kampuni nyingine iliyoitwa Tangold, na maswali yakahamia bungeni. Wabunge wa upinzani, Dk. Willibrod Slaa akiwa mstari wa mbele, walitaka kujua fedha za umma zilizoingia huko zilikwenda wapi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akalieleza Bunge kwamba jambo hilo linagusa ulinzi na usalama wa Taifa, hivyo hawezi kuliweka wazi. Baadaye eneo likaja mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO.

Sasa linganisha. Balin alishindwa, tena vibaya, lakini watu wake waliandika. Aliyekuwa anavuja damu alishika kalamu. Ndiyo maana msomaji anajua nani alikufa, wapi, na mlango upi ulivunjwa. Anguko la pili la Buhemba lilikuwa na mahesabu, mikataba na mihuri, kwa sababu kampuni haiendeshwi kwa kunong'onezana, ila mwananchi wa Buhemba aliyetaka kusoma kurasa hizo aliambiwa ni siri. Moria ina giza la mlima, lakini kitabu chake kipo wazi mezani. Buhemba ina jua la kutosha, na kitabu kimefungiwa.

Katika mazungumzo yale mzee alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la bati. Ndani yake kulikuwa na kipande cha baba yake. Vijana wa leo wakisikia kipande wanafikiria kipande cha muwa, kwa hiyo nieleze: enzi za mkoloni kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama. "Mwezi" wake haukuisha kwa kalenda. Uliisha alama zikitimia 30. Siku aliyougua haikuhesabiwa, siku aliyozika haikuhesabiwa. Kadi ile imekunjika hadi inakaribia kukatika katikati, na alama zake zimefifia.

"Hii ndiyo mali ya mgodi niliyobaki nayo," akasema.

Niliishika kwa vidole viwili tu. Kwa kazi yangu nimeona nyaraka nyingi, za mahakama, za zabuni, za halmashauri, ila sijawahi kuona ukurasa uliobeba maisha ya mtu kwa uchache namna ile. Hakuna jina la rafiki aliyeangukiwa na jiwe. Hakuna wimbo wa zamu ya usiku. Kuna alama tu. Kitabu cha watu wa Balin kiliandikwa na wachimbaji wenyewe kuhusu wao wenyewe. Kipande kiliandikwa na mnyapara kuhusu jasho la mwingine.

Butiama, jirani kabisa, kuna makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Ukienda pale unaona vitu vyake, unasoma, unajua alikuwa nani. Mwalimu mwenyewe alijua thamani ya maandishi. Mwaka 1969, mgodi wa jirani ukiwa unakata roho, tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi, ilitoka. Mnakumbuka makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi? Mchumba anayechagua la dhahabu anakuta fuvu. Lakini tusisahau kwamba pamoja na fuvu anakuta karatasi imeandikwa. Hata yule aliyedanganywa na mng'ao alipewa maelezo. Watu wa Buhemba wamepewa fuvu bila karatasi, na jina la kampuni, Meremeta, ni kama mtu alikuwa anatutania.

Leo wachimbaji wadogo wapo. Wanashuka kwenye maduara kwa kamba, wanasimika matimba, wanasaga mawe kwenye makarasha, wanachenjua kwa zebaki, wengine wanapitia marudio, yale mabaki ya waliotangulia, maana vumbi ambalo jana lilikuwa taka leo lina bei. Wengi ni vijana kuliko mimi. Kila duara likititia tunasikia maneno yaleyale: tamaa, hawasikii, walikatazwa. Hadithi ya Moria imeingia mpaka kwenye taarifa za habari, bila waandishi wenzangu kujua kwamba wanamnukuu Tolkien. Wanaochimba ndio wa kulaumiwa. Shimo linakuwa adhabu yao.

Mji unaoanguka bila kuandikwa una hasara hiyo. Wajukuu wanarithi lawama na hawarithi maelezo. Kijana anayeshuka leo kwenye mwamba wa zamani angehitaji mno kujua babu yake aliacha nini chini kule: handaki linaelekea wapi, maji yalikuwa upande gani, matimba yalioza wapi. Kitabu cha Moria, pamoja na huzuni yake yote, kiliwasaidia wasafiri kuelewa waliko na kwa nini inabidi waondoke haraka. Kilikuwa na faida kwa walio hai.

Kwa hiyo nina ombi kwenu mnaosoma hapa, hasa mlioko Musoma, Bunda na Butiama, au wenye wazee huko. Wapo waliobaki wenye miaka 80 na kitu. Wanakumbuka majina ya zamu, ajali, nyimbo, mishahara, siku kazi ilipoisha. Simu zenu zinarekodi. Wala hatuhitaji mwanahistoria wa kutoka mbali aje atuanzie. Kaeni nao jioni moja, ulizeni, acheni waseme kwa Kizanaki au kwa lugha yoyote wanayoitaka, kisha mwandike. Na yale maswali yaliyojibiwa kwa neno "siri", yaandikeni pia, yalivyoulizwa, na tarehe zake. Mzee wa kopo la bati aliniambia niende tena wakati wa mavuno, atakuwa na nafasi zaidi. Nimeshanunua daftari kubwa la kaunta.